Konde Boy alikuwa na thamani gani? Ubishi wa Kilambo bado mbichi

KILAMBO, MTWARA. Ukitaka ubishi wa soka usioisha huku mpakani, usianze na dabi ya Kariakoo. Dabi ina majibu: ubao wa matokeo unasoma, aliyefungwa ananuna, siku inapita. Anza na jina la Luis Miquissone, halafu uliza alikuwa na thamani gani kwa Simba. Kahawa itapoa kwenye vikombe, na mwenye safari ya ng'ambo ataachwa na kivuko.

Luis ni winga aliyeitumikia Simba kwa vipindi viwili. Alitua mara ya kwanza Januari 2020, akaondoka Agosti 2021 wakati kila shabiki wa Msimbazi anatamani abaki. Akarudi Julai 2023, watu wakashangilia kama wameokota dhahabu. Msimu mmoja tu baadaye akaondoka tena, na safari hii hakuna aliyemshika mkono kumzuia.

Mtu ni yuleyule, jezi ni ileile, ila mambo mawili tofauti kabisa. Ndiyo maana mpaka leo ubishi haujapata mwamuzi.

Kambi ya kwanza inasema Luis ndiye aliyeifanya Simba ya 2021 iogopwe Afrika. Kambi ya pili inajibu kwamba Simba ile ndiyo iliyomfanya Luis aonekane mkubwa. Halafu kuna watani wa Jangwani, ambao kazi yao ni kumwagia petroli kila moto unapotaka kuzima.

JAMAA WA NG'AMBO

Kilambo ni mwisho wa nchi. Mbele yako ni Mto Ruvuma, ng'ambo ni Namoto, wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto. Mtu anaweza kuwa na shangazi huku na mjomba kule, akavuka kwa msiba na kurudi kwa harusi.

Kwa hiyo Simba ilipomleta winga kutoka Msumbiji, huku hakupokewa kama 'pro' wa mbali. Alipokewa kama jamaa. Mashabiki wa Simba nao wakamalizia kazi kwa kumbandika jina la Konde Boy, jina ambalo tayari lilikuwa la Harmonize, msanii mzaliwa wa Mtwara. Ukimwita mtu Konde Boy mbele ya watu wa Kilambo, umeshawaambia ni wa kwao.

Kambi ya pili inaanzia hapo hapo kushambulia. Inasema watu wa kusini wanampima Luis kwa moyo, siyo kwa mizani. Inakumbusha kwamba klabu aliyotokea, UD Songo, ni ya mji wa Songo mkoani Tete, kule kwenye bwawa la Cahora Bassa, na kutoka hapo mpaka Ruvuma ni safari ya kuchosha. Jina la Konde Boy ni la jukwaani tu, bana.

Sawa, wanajibu wa kambi ya kwanza. Tuweke jina pembeni, tufungue daftari.

ALIANZA KWA KUILIZA SIMBA

Daftari linaanza na kilio. Msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mashabiki wakaamini hatua hiyo sasa ni ya kawaida yao. Msimu uliofuata ikapangwa na UD Songo hatua ya awali. Agosti 10, 2019, mechi ya kwanza ikapigwa Beira, 0-0. Watu wakaona kazi imeisha, kilichobaki ni kwenda Uwanja wa Taifa kukamilisha hesabu.

Agosti 25, mbele ya Wanamsimbazi, Luis akasimama kwenye mpira wa faulo. Akapiga, ukajaa kambani. Simba ilisukuma mpaka ikapata penalti dakika za mwishoni, Erasto Nyoni akasawazisha, lakini 1-1 haikutosha. Bao la ugenini likaipeleka Songo mbele na kuiacha Simba bila mechi ya Afrika msimu mzima.

Januari 2020 aliyewaliza akasajiliwa. Kwa kambi ya kwanza hiyo ni hoja nzito peke yake. Thamani ya mchezaji, wanasema, muulize aliyeumizwa naye. Viongozi wa Simba hawakuhitaji kuoneshwa video. Walikuwepo uwanjani siku anawatoa.

MABAO YA SIKU NZITO

Luis hakuwa mfungaji wa kutupia kila wiki. Msimu wa 2020/21 kiatu cha ufungaji bora kilikwenda kwa nahodha wake, John Bocco, mwenye mabao 16. Ukimpima Luis kwa idadi, unaweza kumpita bila kumwona. Ukiangalia siku alizofunga, habari inabadilika.

Julai 12, 2020, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga. Simba ilishinda 4-1 na Luis alikuwa mmoja wa waliofunga. Agosti 2, fainali Sumbawanga dhidi ya Namungo, akafunga tena, Bocco akaongeza, Simba ikabeba kombe kwa 2-1. Fainali hiyo ilikuwa na uchungu wake huku kusini. Namungo ni ya Ruangwa, Lindi, na ilikuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Kuna waliokuwa wakishangilia bao la Luis kwa mdomo huku roho ikiwauma.

Mwaka uliofuata, Juni 26, 2021, nusu fainali ya kombe hilohilo ikapigwa Uwanja wa Majimaji, Songea. Simba na Azam zilikuwa zinaelekea muda wa nyongeza. Ikapatikana faulo, Bernard Morrison akaianza haraka kabla Azam hawajajipanga, Luis akamalizia. Azam wakalalamika sana, lakini bao likabaki bao, 1-0. Simba ikaenda Kigoma na kuifunga Yanga 1-0 kwenye fainali, kwa bao la Taddeo Lwanga.

Nusu fainali mbili za misimu miwili, wapinzani Yanga na Azam, zote kafunga.

Halafu kuna Ligi ya Mabingwa 2020/21. Hapa hata wa kambi ya pili hupunguza sauti kidogo.

Simba iliwekwa kundi moja na Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh. Februari 23, 2021, Al Ahly walikuja Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika, wametoka Qatar kushika nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia la Klabu. Dakika ya 31 Luis akaachia shuti kali lililomshinda kipa Mohamed El Shenawy. Simba 1-0 Al Ahly, na ubao ukabaki hivyo mpaka mwisho.

Machi 16 ikaja Al Merrikh, Luis akafungua mabao, Mohamed Hussein 'Tshabalala' na Chris Mugalu wakamalizia, 3-0. Aprili 3 ikaja AS Vita, Luis akafungua tena, Clatous Chama akapiga mawili na Larry Bwalya moja, 4-1.

Mechi tatu za nyumbani, na zote tatu bao la kwanza la Simba ni lake. Simba ilifunga mabao tisa kwenye kundi, theluthi moja ni yake. Ikamaliza kileleni na pointi 13, juu ya Al Ahly waliopata 11, na Al Ahly ndio walioishia kutetea ubingwa wao. Na yote hayo kwenye uwanja uliokuwa umepewa, mwaka mmoja nyuma, jina la mtoto wa Lupaso, Masasi, hapa hapa Mtwara.

MACHI AMBAYO HUKU HAISAHAULIKI

Kuna jambo ambalo shabiki wa Dar es Salaam au Mwanza halioni kwenye daftari hilo, lakini wa Kilambo analiona.

Machi 24, 2021, siku nane baada ya bao la Luis dhidi ya Merrikh, mji wa Palma ulishambuliwa na waasi. Maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa boti, wengine wakielekea Ruvuma. Miezi mitano nyuma, Oktoba 2020, upande wa Tanzania nao ulikuwa umeguswa pale kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa. Mpaka ukawa mahali pa hofu. Mtu aliyezoea kuvuka kwenda kumsabahi ndugu akawa anakaa ukingoni anasubiri habari.

Katika wiki zile neno 'Msumbiji' likitajwa redioni, watu wa huku walishika vifua. Aprili 3, siku kumi baada ya Palma, likatajwa kwa kitu kingine: raia wa Msumbiji amefunga kwa Mkapa na watu wanaimba jina lake.

Bao halirudishi nyumba iliyochomwa, na hakuna wa huku anayesema hivyo. Ila ukitaka kujua kwa nini mtu wa Kilambo akimtetea Luis anapandisha sauti kuliko hoja yenyewe, anza kutafuta hapo. Kambi ya pili ina haki ya kusema kwamba hicho si kipimo cha mpira. Ni kweli. Ni kipimo cha shabiki, na shabiki naye ni sehemu ya ubishi.

KAMBI YA PILI YAJIBU

Tukirudi uwanjani, wapinzani wa Konde Boy nao hawaji mikono mitupu.

Kwanza, wanasema, mabao yake matatu ya makundi yote ni ya nyumbani. Simba ilipokwenda Kinshasa ikashinda 1-0, lakini bao lilikuwa la penalti ya Mugalu. Ilipokwenda Cairo ikafungwa 1-0. Robo fainali, Kaizer Chiefs waliichapa 4-0 kule Afrika Kusini, na siku hiyo Luis alikuwa bado mali ya Simba, hajauzwa. Marudiano Simba ilishinda 3-0, Bocco mawili, Chama moja, ikabaki bao moja tu kupeleka mechi kwenye penalti. Siku ile aliyehitajika kupachika la nne hakutokea, Luis akiwa mmoja wao.

Pili, wanauliza, angefanya nini bila Chama? Winga ni mtu wa kupewa. Anaweza kukimbia mpaka viatu vikatoboka, kama hakuna anayemwona anapoanza kukimbia ni mazoezi tu. Simba ile ilikuwa na Chama, ambaye alimwona kila mtu, mpaka waliokuwa hawajajiona wenyewe. Nyuma yake kulikuwa na Shomari Kapombe upande mmoja na Tshabalala upande mwingine, mabeki wanaopanda kama mawinga. Mbele kulikuwa na Bocco, Mugalu na Meddie Kagere. Winga yeyote mwenye mbio angeng'aa pale.

Hapo ndipo wa kambi ya kwanza huomba utulivu na kuchukua vikombe vya kahawa kuonesha.

Kikombe hiki ni Luis, hiki ni beki wa pembeni wa timu pinzani. Luis akipokea mpira na kumkabili, beki anajua akiachwa ni msiba. Anaomba msaada. Anakuja kiungo mkabaji, huyu hapa. Sasa wawili wamemfuata mmoja. Kiungo mkabaji alipotoka pamebaki nani? Chama, peke yake, na nafasi ya kugeuka. Beki wa pembeni naye hapandi tena kushambulia, kwa hiyo Kapombe au Tshabalala anapumua. Pasi ikitoka hapo, ikafika kwa Bocco, ikawa bao, gazeti la kesho linaandika Bocco. Likitafuta aliyetoa pasi linaandika Chama. Luis, ambaye ndiye aliyewavuta wale wawili, haandikwi popote.

Ni hoja nzuri, na mtu yeyote aliyecheza hata ndondo anaielewa. Tatizo lake ni kwamba inakata kuwili. Kama Luis alimpa Chama nafasi, basi Chama naye alimpa Luis sababu ya kukimbia. Ukimtoa mmoja, huyo mwingine anabaki na nusu ya kazi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na swali la Kilambo ni kidole kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

AGOSTI ILIYOWACHANGANYA WOTE

Njia rahisi ya kujua uzito wa nguzo ni kuing'oa uone kama paa linashuka. Agosti 2021 Simba iling'oa. Luis akauzwa Al Ahly, timu iliyokuwa chini ya Pitso Mosimane. Pitso hakuhitaji kusimuliwa kitu. Luis aliwahi kuwa mchezaji wa Mamelodi Sundowns wakati Pitso ndiye kocha pale, na Februari ya mwaka huo alikuwa kwenye benchi la Al Ahly pale kwa Mkapa akitazama shuti la dakika ya 31 linaingia.

Paa likashuka kweli. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na kumaliza misimu minne ya Simba kutawala. Kambi ya kwanza inasema kesi imefungwa, twendeni nyumbani.

Kambi ya pili inasema kaeni chini. Mwezi huohuo wa Agosti Chama naye alikwenda RS Berkane ya Morocco. Nguzo zimeng'olewa mbili kwa mpigo, mnajuaje ni ipi iliyokuwa imeshika paa? Tena jirani alikuwa anajenga ghorofa: Yanga ilikuwa imewashusha Fiston Mayele, Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala na Djuma Shaban kwenye dirisha lilelile. Hata Luis angebaki, huenda angeishia kushika nafasi ya pili na kununa.

Wanaongeza jina la Pape Ousmane Sakho. Msenegali huyo aliletwa kujaza pengo la pembeni, na Februari 2022 aliwapiga ASEC Mimosas tiki-taka iliyochaguliwa bao bora la mwaka Afrika. Msimu huo Simba ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. Kwa hiyo pengo lilizibika, wanasema.

Kambi ya kwanza ina karata moja ya mwisho hapa, na ni nzuri. Chama alirudi Simba Januari 2022. Mwamba wa Lusaka yuleyule, na miguu yake ileile. Msimu ule ubingwa ukaenda Yanga, na uliofuata ukaenda Yanga tena. Kama nguzo kubwa ilikuwa Chama peke yake, mbona kurudi kwake hakukuinua paa?

Watani wa Jangwani wanapofika hapa wanasema jibu ni rahisi, ni kwa sababu kulikuwa na Yanga. Kisha wanaagiza kashata.

ALIPORUDI

Huko Cairo mambo hayakumnyookea Luis. Hakupata nafasi ya kudumu, na mwaka 2022 akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia. Kambi ya pili hulitumia hilo kama nyundo: mngekuwa mnasema kweli, Al Ahly ingemtoa kwa mkopo? Jibu la upande wa pili ni kwamba Al Ahly ina kikosi cha kuunda timu mbili, na wachezaji wengi waliotikisa kwingine wamewahi kukaa benchi pale.

Julai 2023 Simba ikamrudisha. Siku ile, huku kusini, hata wasiovaa jezi walizivaa. Chama yupo, Kapombe yupo, Tshabalala yupo, Luis amerudi. Shabiki akajua kilichopotea 2021 kimepatikana.

Hakikupatikana. Novemba 5, 2023, Yanga iliipiga Simba 5-1, na bao pekee la Wekundu likafungwa na Kibu Denis. Kocha Robertinho akaondoka, akaja Abdelhak Benchikha, naye hakumaliza msimu. Ligi ya Mabingwa, Simba ilitolewa robo fainali na walewale Al Ahly, ikifungwa nyumbani na ugenini. Kwenye ligi ikamaliza ya tatu, pointi 69 sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao na kukosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Luis akaonekana mara chache, na akionekana hakuwa yule. Msimu ulipoisha akaachwa. Dirisha hilohilo Chama akavuka mtaa kwenda Yanga.

Kambi ya pili husimama hapa na kunyoosha mikono. Huyo ndiye Luis halisi, wanasema, bila ile timu.

Lakini sikiliza vizuri walichosema: bila ile timu. Tshabalala na Kapombe walikuwepo, ndiyo, ila miaka miwili imepita juu ya miguu yao. Bocco wa mabao 16 hakuwa yule tena. Kagere na Mugalu walishaondoka. Kocha alikuwa mwingine, halafu mwingine tena. Luis mwenyewe alikuwa ametoka kukaa misimu miwili bila namba ya uhakika, na winga anayeishi kwa hatua ya kwanza ya mbio akikaa nje, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Ukimwondoa 2021 paa linashuka, ukimrudisha 2023 halipandi. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na hayapingani.

HATA JANGWANI WANALIJUA HILI

Watani hucheka sana wakifika hapo. Wakizidi, shabiki wa Simba anataja jina moja tu: Tuisila Kisinda.

Yanga ilimchukua Kisinda kutoka AS Vita mwaka 2020. Winga mwenye mbio za kutisha, mabeki walikuwa wakimwona wanarudi nyuma kabla hajagusa mpira. Mwaka 2021 akauzwa RS Berkane. Mwaka 2022 akarudishwa Jangwani kwa shangwe kubwa. Msimu huo wa 2022/23 Yanga ilichukua ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, lakini ukiuliza ni nani waliibeba watu hutaja Mayele, Diarra na Aucho kabla hawajafika kwa Kisinda. Timu ilikuwa imeshajifunza kuishi bila yeye.

Hadithi ya Kisinda na ya Luis zinafanana, na zinasema jambo moja kuhusu mawinga wa aina hii. Thamani yao haipo kwenye miguu peke yake. Ipo katikati, kati ya miguu yao, jicho la anayewapa pasi, na pengo wanaloacha nyuma yao kwa wengine. Klabu inapouza inapokea pesa ya miguu. Vile viwili vingine havina bei, haviendi na mchezaji na pia havibaki, vinakufa palepale. Na klabu inapomnunua tena, inarudishiwa miguu tu.

KWA NINI UBISHI HUU UNA MAANA

Mtu anaweza kuuliza, Luis ameshaondoka, Kilambo wanabishana ya nini?

Kwanza, kwa sababu kosa hilohilo linarudi kila dirisha. Kila winga anayetua Msimbazi, awe Sakho au Elie Mpanzu, hupimwa kwa kivuli cha Luis, na kipimo chenyewe ni mabao. Kibu Denis amekaa miaka akisutwa kwa kufunga machache, wakati makocha wanaopita hapo, mmoja baada ya mwingine, wanaendelea kumpanga. Makocha wanahesabu mabeki anaowachosha. Shabiki anahesabu nyavu. Na shabiki ndiye anayenunua jezi na tiketi, kwa hiyo kelele zake huwafikia viongozi, na viongozi wakisikia kelele hununua majina.

Pili, na hili ni la huku, Luis alionekana kwa sababu timu yake ya Songo ilipata siku moja ya kusimama mbele ya Simba. Faulo moja, macho ya watu wote, maisha yakabadilika. Mtwara ilikuwa na dirisha kama hilo. Ndanda ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na Simba na Yanga zilikuja Nangwanda Sijaona. Kijana wa Mtwara aliweza kuamka asubuhi, akacheza na vigogo jioni, na nchi nzima ikamwona. Ndanda ikashuka mwaka 2020, mwaka uleule Luis anaanza kuimbwa na Wanamsimbazi. Tangu hapo, mwenye mbio za Konde Boy akizaliwa huku, inabidi kwanza apande basi.

Ndiyo maana wa kambi ya kwanza, hata wakibanwa kwa hoja, hawakubali kirahisi kwamba Luis alikuwa wa kawaida. Wakikubali hilo, watakuwa wamekubali kwamba kijana wa mji mdogo aking'aa ni bahati ya timu aliyoikuta tu.

HUKUMU

Kama kahawa ya Kilambo ingekuwa na mwamuzi, pengine angeamua hivi. Luis wa Januari 2020 mpaka Agosti 2021 alikuwa mchezaji ambaye Simba haikuwa na mwingine wa kufanya kazi yake, na ushahidi ni mabao matatu ya kwanza kwa Mkapa, nusu fainali mbili na faulo moja aliyowapigia wakiwa maadui. Hakuwa mkubwa kuliko Chama, na Chama hakuwa mkubwa kuliko wawili hao wakiwa pamoja. Waliomuuza hawakukosea kuuza, kwa sababu Al Ahly ikigonga mlango mchezaji naye ana haki ya kufungua. Walipokosea ni kuamini kwamba kitu hicho kinaweza kununuliwa tena baada ya miaka miwili kikiwa kizima.

Kambi zote mbili zitaikataa hukumu hiyo. Ya kwanza itasema imempunja Konde Boy, ya pili itasema imempendelea. Watani watauliza kwa nini Yanga haijatajwa kwenye hukumu. Na dirisha lijalo la usajili, Simba ikitangaza winga mpya, swali litakuwa lilelile: ana mabao mangapi? Mjanja atauliza kingine, kwamba akipokea mpira pembeni, mabeki wangapi watamfuata, na nani wa Simba atakuwa amebaki huru.